Mkwe Akipita, Mzee Ananyanyuka

Wanangu mnaobaki kwenye zamu, mmeniomba niseme kidogo kabla sijasahau, na mimi kusema sijawahi kushindwa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute nukta na mkato humu. Nitaongea kama tunavyoongeaga jikoni tukichambua maharage. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini siyasemi. Kwanza mimi cheo changu kilikuwa kimoja tu, Mama Kulwa, na hicho nilipewa na mapacha wangu, siyo na ofisi.

Nilipoanza kazi kwenye makazi yetu haya ya wazee, hapa Shinyanga, nilikuwa bado na meno yote. Siku ya kwanza nikapewa ndoo, dekio, na wazee kumi na wawili. Aliyenipokea ni Mama Holo, mhudumu wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya fundi chuma, Mungu amlaze pema. Yeye ndiye aliyenifundisha kumnyanyua mtu. Akaniambia usimvute mtu mkono, mkono siyo mpini. Sogea karibu mpaka usikie pumzi yake, mwambie unataka kufanya nini, kunja magoti yako kidogo, halafu subiri yeye aanze. Nikamuuliza, na asipoanza?

"Utasubiri," akasema. "Una haraka ya kwenda wapi?"

Hilo la kusubiri liliingia sikio hili likatokea hili. Nalisema mapema maana ndilo lililokuja kunitia aibu.

Mimi nimelelewa Kisukuma. Kwetu mkubwa akikaa, amekaa. Unamfuata hapo alipo, unapiga goti, mwangaluka guku, yaani shikamoo babu, unampa maji ya kunawa, chakula kinamfuata. Ukimwacha mzee ainuke kufuata kitu mwenyewe na wewe mzima upo, watu watauliza mama yako alikuwa nani. Basi heshima hiyo nikaingia nayo kazini kama mtu anavyoingia na viatu vya nyumbani. Na kati ya wazee wangu kumi na wawili, niliyemheshimu kupita kiasi ni Mzee Ngassa.

Mzee Ngassa alitokea Samuye, mfugaji, mrefu, na kofia yake ya pama haikuvuliwa hata kwenye kula. Mke wake, Nyamizi, alikuwa amefariki. Mtoto wake aliyebaki, Jilala, anachimba dhahabu huko Geita kwenye maduara, haya mashimo ya wachimbaji wadogo. Nyumbani Samuye alibaki mke wa Jilala na watoto wadogo tu. Ndiyo mzee akaletwa kwetu. Na alikuja kwa miguu yake, jamani. Alishuka kwenye gari, akakataa kushikwa, akatembea na fimbo mpaka barazani akachagua pa kukaa. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote, wazee wenzake walimfuata pale pale kumpa shikamoo. Yeye alikuwa anaitikia tu.

Mimi nikampokea kama mtemi. Chai kitandani. Beseni la kuoga kitandani. Usiku nikamwekea kopo la haja ndogo asihangaike na giza, halafu nikaona na mchana jua ni kali, kopo likabaki. Wahudumu wenzangu wazee wao walikuwa wanajikokota kwenda chooni kule nyuma, mimi wangu ametulia kwenye blanketi. Nilikuwa najisikia vizuri mno. Nikawa nawaangalia wenzangu kwa jicho la huruma.

Zikapita masika mbili. Asubuhi moja nataka kubadilisha shuka, nikamwambia Guku, simama kidogo nitandike. Akaweka miguu chini. Ile miguu ikawa inatetemeka kama mabua ya mtama kwenye upepo. Akarudi kukaa. Akajaribu tena, akarudi. Akaniangalia, na mimi nikashika zile shuka sijui niziweke wapi. Hakuwa na ugonjwa wowote yule mzee. Nilikuwa nimemlemaza mwenyewe, kwa heshima.

Haikupita muda Jilala akaja kutoka Geita. Alikuwa amepata kitu kidogo huko, amejenga chumba cha baba yake Samuye, cha matofali, na bati. Anataka kumchukua. Alipomkuta hawezi kusimama akanishika pembeni, pale kwenye ukuta wa jiko.

Akaniambia, "Mama Kulwa, mimi narudi duarani. Anayebaki nyumbani ni mke wangu. Mkamwana atamshikaje baba mkwe amvue suruali ampeleke chooni? Hawezi. Na baba atakufa kabla hajakubali."

Nyie mliozaliwa mjini labda mnacheka, lakini ilikuwa kweli tupu. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawagusani, hata mikeka yao haigusani. Kwa hiyo neno lilikuwa hilo moja. Mzee Ngassa akiweza kwenda chooni peke yake, choo cha shimo cha kule kijijini, achuchumae na ainuke mwenyewe, anaenda kwake. Asipoweza, anabaki kwetu mpaka siku ya mwisho. Jilala akasema atarudi baada ya mavuno kuangalia. Wakati huo watu ndiyo walikuwa wanapanda.

Dirisha la mzee lilikuwa hapo hapo jirani, wazi. Mzee alisikia yote. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukutani, kofia usoni. Akasema bila kugeuka, "Mayu, nataka kwenda kwangu." Aliniita mayu, mama, mimi ambaye ni kama binti yake. Nililia siku hiyo, siwafichi.

Hospitali wakatuletea mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mdogo tukamwita Dakta Neema, maana kwetu kila mwenye koti jeupe ni dakta. Namshukuru yule mtoto mpaka leo. Akampima mzee miguu, kifua, presha, akasema hana ubaya, misuli imelala tu, na misuli ya mzee inaamka hata akiwa na umri gani, ilimradi iamshwe polepole na kila siku. Akanionyesha zoezi lenyewe. Wala siyo la ajabu: kukaa na kusimama. Mtu anakaa kwenye kiti, anasimama, anakaa, anasimama. Nikasema hilo tu? Akasema hilo tu, Mama, lakini asimame yeye, usimsimamishe wewe.

Wazee wengine walikubali haraka, nilipowageuzia zoezi kuwa kazi. Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anachekecha mchanga wa almasi kule Maganzo enzi zake, mabega yamekauka. Huyo nilimpa chekecheo na rundo la kokoto za ujenzi nyuma ya jiko. Alichekecha kila siku akiinama na kuinuka, mikono ikafunguka yenyewe, na kila jioni alinihakikishia kesho tunatajirika. Bibi zetu niliwapa karanga za kumenya, halafu vibuyu vya karanga nikaviweka mbali na mikeka yao, wakawa wanavifuata wananitukana. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu mzima hafanyi mazoezi, mtu mzima anafanya kazi. Mpe kazi.

Mzee Ngassa alikataa kazi zote. Ng'ombe ndiyo kazi, alisema, na hapa hakuna ng'ombe. Na zoezi la kukaa na kusimama ndiyo kabisa. Akamwambia Dakta Neema kwa upole kwamba yeye ana wajukuu, hawezi kusimamishwa na kukalishwa kama mtoto aliyechelewa shule. Yule dada akabembeleza wiki tatu. Mtama mashambani ukawa unafika magotini.

Sasa ndiyo akaletwa Bibi Kabula kutoka Tinde. Huyu bado mnaye, chumba cha tatu, kwa hiyo haya ninayoyasema hapa msiyapeleke huko. Alikuja na kibegi kimoja na mdomo usiofungwa. Siku ile ile ya kwanza alinikuta jikoni nakatakata vitunguu na machozi, akaniambia hivyo vitunguu vyako vina jina la mtu. Nikamwambia yote: Mzee Ngassa, kopo, Jilala, mavuno, mke wake marehemu Nyamizi ambaye alitokea huko huko Tinde. Bibi akasikiliza huku anatafuna muwa.

Kesho yake wamekaa wote barazani wanaota jua. Bibi akaanza kuulizana nao koo, kama wazee wanavyofanyaga. Alipofika kwa Mzee Ngassa akasimama mbali kidogo.

"Wewe si ndiye ulimuoa Nyamizi wa Tinde, mtoto wa Mbuke?"

Mzee akaitikia ndiye.

"Mbuke ni dada yangu tumbo moja," Bibi akasema. "Mimi ni mdogo wake wa mwisho."

Baraza lote likageuka kumwangalia mzee. Maana maneno hayo, kwa asiyejua, ni kwamba Bibi Kabula ni mama mdogo wa Nyamizi. Kwa hiyo ni mama mkwe wa Mzee Ngassa, hata kama yeye Ngassa anamzidi umri. Na mwanaume wa Kisukuma hakai alipo mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mwanaume anapisha, anatoka kabisa njiani, anainamisha macho mpaka apite. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Yule mzee wa Maganzo alicheka mpaka akadondosha chekecheo. Mzee Ngassa, aliyekuwa anapokea shikamoo za nyumba nzima bila kuinua kisigino, akashusha kofia mpaka puani.

Mimi niliamini. Kwetu ukihesabu vizuri kila mtu ni mkwe wa mtu.

Mchana ule ule Bibi akaja tena kona ya baraza. Akakohoa, maana ndiyo adabu, mkwe anakohoa kuonyesha anapita. Mzee akaniita, Mama Kulwa, nitoe, nipeleke ndani. Nikapiga hatua kwenda kumbeba kama nilivyozoea. Halafu nikakumbuka maneno ya yule dada: asimame yeye. Mikono ikaganda. Nikamwambia Guku, mikono yangu ina pilipili, subiri ninawe. Nikabaki nimesimama pale pale sinawi.

Bibi akakohoa mara ya pili.

Mzee akashika nguzo ya baraza. Goti likatetemeka, akalikaza. Akainuka. Nusu, akatulia, akamalizia. Akaushika ukuta, hatua moja, mbili, tatu, akaingia mlangoni, akakaa kwenye kitanda cha kwanza alichokikuta, cha mtu mwingine. Bibi akapita zake taratibu, wala hakugeuza shingo.

Jioni nikamfuata Bibi chumbani nikapiga goti nikamwomba kama hatojali awe anapita pita. Akaniuliza anipitie mara ngapi. Nikamwambia kama dawa, Bibi: asubuhi, mchana, jioni, baada ya chakula.

Ndiyo tukaanza. Niwaambie na ufundi wake, maana hamkuja hapa kusikia vichekesho tu. Kamba ya katani nikaifunga kutoka nguzo hadi nguzo mpaka chooni, urefu wa kiuno, ashike. Fimbo yake ilikuwa ndefu mno, ya kuchungia. Dakta Neema akaipima ikakatwa, mtu akisimama kichwa cha fimbo kije kwenye kifundo cha mkono. Ndala nikazitupa, nikamtafutia katambuga za matairi zenye kamba nyuma, hazitelezi. Sakafu ikawa inadekiwa mapema ikauke kabla hajaamka. Maji ya kunywa asubuhi. Akisema kizunguzungu au kifua kinabana, tunaacha siku hiyo, mkwe au hakuna mkwe.

Na kiti. Hicho kilikuwa akili yangu mwenyewe na ninajivunia. Kusimama kutoka kwenye benchi siyo kuinuka kutoka kwenye shimo la choo. Nikamwambia fundi seremala atupe kiti imara cha mzee, halafu kila baada ya wiki mbili namwita anakata miguu yake yote minne, upana wa kidole. Kidole kimoja tu. Mkwe akikohoa, mzee anainuka kutoka chini zaidi kidogo kuliko juzi. Siku moja nikamsikia anamwambia jirani yake kwamba nyumba hii inazama.

Halafu akaanguka. Kona ya choo, siku ya mvua, mimi nilikuwa nimegeuka. Alichubuka kiwiko tu, lakini damu ni damu. Matroni, mkubwa wetu wa kazi, akanifokea mbele ya watu. Akasema nitamuua mzee wa watu kwa mila, na mchezo wa wakwe ukome, mzee arudishiwe kopo. Alikuwa na haki yake, mzee akivunjika yeye ndiye angeandika barua ya kujieleza. Nikalirudisha kopo. Nikaliweka chini ya kitanda, na usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikalikuta kavu. Mzee alikuwa amejifunga kitambaa kiwikoni, amekaa kwenye kile kiti kifupi, kofia kichwani, anaangalia kona ya baraza. Akaniuliza, "Mkwe wangu leo anaumwa? Mbona hapiti?"

Matroni alikuwa nyuma yangu, amesikia. Akasema basi awe na mtu nyuma yake kila hatua, wewe Mama Kulwa, na ukigeuka tena nitakufukuza kweli. Tangu siku hiyo sikugeuka. Huyo matroni namshukuru pia, mpaka kufoka kwake.

Mavuno yakaisha, Jilala akaja, na safari hii alikuja na mke wake, Mama Shija, ili aone kwa macho yake. Mzee akasubiri chai iishe, akainuka, akachukua fimbo, akaelekea chooni. Sisi wote tukabaki uani tunajifanya tunaangalia kuku. Mlango ukafungwa. Tukaangalia kuku. Muda ukaenda. Jilala akaanza kusogea, nikamshika shati kwa nyuma. Akanong'ona kwamba baba yake ameanguka humo. Nikamwambia hajaanguka, angekuwa ameanguka ningesikia. Sikuwa na uhakika wowote. Miguu yangu mimi mwenyewe ndiyo ilikuwa inataka kukimbia, na nililishika lile shati labda ili nisikimbie mimi.

Mlango ukafunguka. Mzee akatoka anafunga mkanda, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnaangalia nini? Hamjaona mtu ametoka chooni?"

Mama Shija akageukia ukutani akawa anafuta macho na kanga. Baba mkwe hatazamwi, lakini kufurahi haikukatazwa.

Nilipokuwa namfungia mizigo, tumebaki wawili chumbani, nikamwambia Guku, tumshukuru Bibi Kabula, mkwe wako amekusaidia sana. Akavaa kofia yake polepole.

"Yule siyo mkwe wangu," akasema. "Mbuke hakuwa na mdogo. Mbuke ndiye aliyekuwa wa mwisho kwao. Mimi niliposa pale, nitashindwa kujua?"

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza amejua lini. Akasema siku ile ile, kabla kohozi la kwanza halijakauka. Sasa kwa nini alikuwa anainuka?

"Yule dada wa hospitali alinitaka nisimame kama mtoto," akasema. "Huyu bibi alinipa sababu ya mtu mzima. Na nilitaka kwenda kwangu, mayu. Usimwambie."

Sikumwambia. Hata leo nawaambia nyie tu.

Bibi Kabula baada ya mzee kuondoka akakosa wa kumpitia. Akawa anakaa. Miezi miwili tu, magoti yakaanza kuvimba, anaitisha chai chumbani. Na mimi nikashtuka, maana nilikuwa nahesabu hatua za mzee, za Bibi sikuzihesabu. Kumbe kila mzee alipoinuka mara moja, yeye alikuwa amezunguka nyumba nzima.

Wiki ileile simu ikalia. Mama Shija, sauti juu, eti baba haonekani tangu alfajiri, na wametafuta kwa majirani wote. Nikamuuliza fimbo ipo? Haipo. Kofia? Haipo. Nikamwambia basi huyo hajapotea, huyo ametembea, leo si siku ya mnada? Jioni akapiga tena, mzee amerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, alikwenda kubishana bei za ng'ombe ambao siyo wake. Nikaomba niongee naye. Nikamwambia Guku umetutisha, akasema wabeja, asante, kana kwamba nimemsifu. Halafu akaniuliza habari za mkwe wake. Nikamwambia ukweli, kwamba siku hizi anakaa sana.

"Mwambie nimemsalimia," akasema. "Mwambie mkwe akikaa, na mimi huku nitakaa."

Nikaenda chumba cha tatu nikamfikishia kama alivyosema. Bibi Kabula alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka chini. Kisha akajifunga kanga upya, akaomba fimbo yake, akasema chai atainywa akirudi kutoka getini. Akaanza kujiinua. Goti la kwanza likagoma, akatulia, akapumua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha jirani. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikasubiri.